Siku ya Tatu Mpe Jembe

Krismasi ya mwaka juzi nilimzawadia mke wangu sufuria ya presha. Sikukurupuka. Wiki tatu nzima redio ya kwenye daladala ilikuwa ikinisihi mimi baba mwenye nyumba nimshangaze mama msimu huu, na kila ikitaja mshangao, kinachofuata ni chombo cha jikoni: blenda, jiko la gesi la plati nne, seti ya hotpoti zenye maua. Nikaingia mkenge. Nikalifunga boksi kwa karatasi yenye nyota, nikaweka utepe, nikakaa mkao wa kula sifa.

Alilifungua taratibu. Akaitazama sufuria, akalichungulia boksi ndani kama mtu anayetafuta chenji yake. Kisha akasema kwa ile sauti ya upole ambayo waliooa wanaijua, na ambao hawajaoa wasiwe na haraka ya kuijua:

"Asante sana, baba watoto. Mwakani na mimi nitakununulia jembe."

Nikacheka. Nilipomaliza kucheka ndipo nikagundua nilikuwa nacheka peke yangu.

Sisi kwetu ni Marangu. Desemba ikifika Dar es Salaam inapumua, na wenzetu hututania kwamba Wachaga tumekwenda kuhesabiwa. Kwa miaka 19 ya ndoa nimekwenda kuhesabiwa bila kukosa, na kwa miaka 19 nimekuwa na kazi zangu za Krismasi ambazo nilizifanya kwa moyo wote: kukata tiketi, kununua mbuzi, kusimama karibu na moto nikiwa na kisu, kufungua soda za wageni, na kuomba sala ya chakula, ndefu kiasi cha supu kupoa. Jioni mwili ulikuwa unauma kabisa. Nilijiona mtu aliyeibeba sikukuu mgongoni.

Mwaka jana mambo yakageuka. Mke wangu ni muuguzi, na ratiba ya zamu ilipotoka jina lake lilikuwa limekaa kwenye tarehe 24, mpaka jioni. Hakulalamika. Tangu mwaka 2023 mabasi yaruhusiwe kutembea usiku, alisema, mtu akitoka zamu jioni anafika Himo alfajiri.

"Wewe tangulia na watoto," akaniambia. "Nikuandikie orodha?"

"Orodha ya nini? Krismasi hii naiona miaka 19."

Akanitazama kidogo. "Kuiona umeiona," akasema, akarudi kupiga pasi sare zake.

Nikaingia madukani. Mlangoni mwa duka la kwanza alisimama kijana wa watu ndani ya suti nyekundu na ndevu za pamba, jasho la Desemba la Dar linamtoka kama amesimama chini ya bomba, watoto wanapanga foleni kupiga naye picha. Nikamwangalia Baba Krismasi kwa heshima ya wanaume wa fani moja. Mchoraji mmoja wa Marekani, Haddon Sundblom, alianza kumchora mzee huyu kwa ajili ya matangazo ya Coca-Cola mwaka 1931, na michoro yake ndiyo iliyoisambaza dunia nzima ile sura ya tumbo, mashavu na kicheko. Anafanya kazi usiku mmoja kwa mwaka, ana sare, ana usafiri, na kila mtoto anajua jina lake. Huyo, nilijiambia, ndiye mtu anayejua kufanya kazi.

Nikanunua mchele kilo 25, mafuta lita 10, juisi za boksi, biskuti za kopo lenye picha ya theluji, kreti za soda nikaagiza Himo, na taa za kumeta za mita 20. Kijana wangu wa pili akauliza kama tumemaliza. Nikamwambia tumemaliza.

Kituo cha Magufuli pale Mbezi alfajiri ya tarehe 23 kilikuwa kama chungu cha kumbikumbi. Basi letu lilichelewa kuondoka, na dirisha langu lilitazamana na bango kubwa la sikukuu. Mama mwenye gauni jeupe, nakwambia jeupe, ameinua sinia la pilau huku anacheka meno yote. Baba kakaa kwenye kiti, kaegemea, simu mkononi. Watoto wawili. Babu na bibi. Hakuna moshi, hakuna sufuria yenye masizi, hakuna kitunguu kilichomliza mtu. Nilikuwa nalifurahia tu lile pilau, mpaka binti yangu wa kwanza, anayesoma masoko mwaka wa pili chuoni, akasema bila kuinua kichwa:

"Baba, hesabu viti. Watu sita, viti vitano."

Nikahesabu. Kweli. Mama hakuwa na kiti. Tangu siku hiyo nimeharibikiwa. Siwezi tena kutazama tangazo la sikukuu bila kuhesabu viti.

Tulishuka Himo jioni, tukapanda kigari cha kupanda mlima, na giza lilipoingia tukawa uani kwa mama, ndizi zimetuzunguka pande zote na ubaridi unapenya kwenye mashati yetu ya Dar. Mama yangu ana miaka 78 na magoti yaliyogoma. Alikaa kwenye kigoda chake akanitazama nikishusha mizigo kama karani wa bohari.

"Chumvi iko wapi?"

Nilitazama mchele. Nilitazama biskuti za theluji.

"Viberiti? Dodoki? Binzari nzima ya pilau? Karatasi za chooni? Tutakuwa watu 23, mwanangu, na choo ni kimoja."

Nikamwonyesha zile taa za mita 20. Akazishika, akazipima uzito, akauliza kwa dhati kabisa, "Hizi zinaliwa?"

Hapo ndipo binti akakumbuka nguo za wadogo zake. Zilikuwa kwa fundi cherehani, Dar. Mama yao huwa anampigia fundi yule tangu Oktoba, kwa sababu fundi ana "kesho" nyingi na lazima mtu azimalize moja baada ya nyingine kabla ya sikukuu. Mimi hata sikujua kwamba tuna fundi.

Nilikaa juu ya kreti ya soda nikatafakari. Kila kilichotangazwa redioni nilikuwa nimenunua. Kila kisichotangazwa nilikuwa nimesahau. Sijawahi kuona bango la dodoki.

"Na mbege je?" nikauliza kwa woga, maana nilishaanza kujijua.

"Mbege ya Krismasi," mama akasema, "inaanza wakati ninyi bado mnasikiliza hotuba za Uhuru." Ndizi mbivu huchemshwa zikaachwa siku kadhaa zichachuke, ulezi huoteshwa, ukakaushwa, ukasagwa, ukapikwa uji, gome la msesewe linatafutwa kwa ajili ya ule uchungu wake, ndipo vitu vyote vinakutana. Mtu akikumbuka mbege tarehe 23, atainywa Januari. Kumbe mke wangu alikuwa ametuma hela ya ulezi tangu wiki ya kwanza ya Desemba, na mama jirani yuko kwenye mapipa tangu tarehe 12. Mimi mbege nilikuwa naijua kama ninavyolijua jua: ukiamka, lipo.

Tarehe 24 asubuhi alichinjwa mbuzi, na hapo nilirudi kwenye uwanja wangu wa nyumbani. Tulikuwa wanaume saba. Mmoja alichinja, mmoja alishika miguu, watano tulishauri. Ushauri ulikuwa mwingi na wa hali ya juu. Tukajadili upande wa kuanzia kuchuna, tukajadili kisu, tukamjadili mbuzi wa mwaka juzi, tukagawana vipande kwa mdomo kabla havijapatikana, maana kwetu kila kipande kina mwenyewe na kidari kinajulikana kinakwenda kwa nani. Watoto walituzunguka. Mpita njia alisimama akasifia. Mbuzi mmoja alitutosha hadi saa tano.

Saa tano mama akaniita. Chini ya mparachichi ilikuwepo mikungu miwili ya ndizi mshare na beseni la maji.

"Za machalari," akasema. "Na nyingine za mtori wa mzazi."

Nikatazama kushoto na kulia nikitafuta wenye kazi yao. Mke wa kaka yangu, ambaye ndiye msaidizi wa mke wangu kila mwaka, alikuwa na kichanga cha wiki tatu. Yeye ndiye mzazi wa kupikiwa huo mtori. Dada zangu wawili wameolewa, na Krismasi huwa wako kwa wakwe zao, wakimenya ndizi za huko. Mama ana magoti. Nikamwita binti. Akaja na kisu kimoja, akaketi mbele ya mkungu mmoja, akanielekeza kwa macho mkungu wa pili.

"Mdogo wako wa kiume yuko wapi?" nikauliza.

"Umemtuma kwa mbuzi, baba. Umesema akajifunze."

Ndizi mshare mbichi haimenyeki kama ndizi mbivu, kwamba unavuta ganda huku unapiga soga. Unakata kichwa, unakata mkia, unachana ganda kwa ncha ya kisu bila kujeruhi nyama, kisha unaingiza kidole gumba na kulisukuma. Utomvu unatoka kila unapogusa. Ndizi ikishavuliwa itumbukie majini haraka, la sivyo inanuna na kuwa nyeusi. Nilimenya ndizi 11 nikaona mgongo unataka kukatika. Nikanyanyuka kujinyoosha. Binti alikuwa amemaliza chane tano na alikuwa anaimba.

Kaka yangu alipita na bia mkononi, akasimama, akavua kofia.

"Bwana mdogo," akasema kwa huzuni, "limbwata hili ni la wapi? Maana linafanya kazi mpaka mke akiwa Dar."

Watu wakacheka. Nikamkumbusha kwamba muuza chipsi wa pale kwetu stendi ni mwanamume, mchoma nyama ni mwanamume, na waliopika pilau la harusi yake mwenyewe, masufuria sita, walikuwa wanaume wenye mabega kama milango. Hakuna aliyewauliza habari za limbwata. Kaka akafikiri, akanywa funda.

"Wale wanalipwa," akasema, na akaondoka kama mtu aliyemaliza kesi.

Binti alikuwa amerekodi yote. Kabla sijafika ndizi ya 20 video ilikuwa imeshatua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni kama kifaranga. Baba bora. Huyo ndiye mwanamume. Shangazi akaandika kwamba amelia. Binamu aliyeko Arusha akauliza kama nina mdogo wangu ambaye hajaoa. Pongezi 63 kwa ndizi 19. Nilijisikia vizuri, sitaficha. Nikakaa mkao mzuri zaidi, nikageuza uso upande wenye mwanga.

Mama alisogezewa simu aone. Aliitazama video mpaka mwisho, akairudisha.

"Nimemenya ndizi kwenye uwanja huu miaka 56," akasema. "Hata marehemu baba yako hakuwahi kuja kuangalia."

Mke wangu naye alijibu kutoka wodini, neno moja na alama ya kuuliza: "Dodoki?"

Binti, akiwa na mdomo wa kisomi kama wenzake wa umri huo, hakuniacha nipumue. Kenya, akasema, walipima mwaka 2021 watu wanavyotumia muda wao. Wakakuta kazi za nyumbani na malezi yasiyo na malipo zinakula asilimia 18.7 ya siku ya mwanamke, na asilimia 3.6 ya siku ya mwanamume. Nikapiga hesabu kichwani, maana kumenya ndizi kunaacha nafasi ya hesabu. Kwa mwanamke ni kama saa nne na nusu. Kwa mwanamume ni dakika 52. Nikatazama saa. Dakika zangu 52 zilikuwa zimeisha zamani, na mkungu ulikuwa haujafika nusu. Kitakwimu nilikuwa nimeshaanza kuwa mwanamke.

"Halafu Uingereza," akaendelea, "mwaka 2012 maduka makubwa mawili, Asda na Morrisons, yalirusha matangazo ya Krismasi ya mama anayehangaika peke yake, nyumba nzima imekaa. Mamia ya watazamaji wakalalamika. Wasimamizi wa matangazo wakasema kanuni hazijavunjwa. Lile la Asda, mama anahangaika mwanzo hadi mwisho, ndiyo kwanza amekaa, anaulizwa jioni watakula ni—"

"Jioni tunakula nini?" akauliza kaka yangu, akitokea nyuma ya nyumba.

Binti akanitazama. Sikusema kitu.

"Mwaka 2019 wakaweka kanuni mpya," akamalizia. "Tangazo lisionyeshe mwanamume amekaa miguu juu, familia inachafua nyumba, na mwanamke peke yake ndiye anayesafisha. Wala lisionyeshe mwanamume anashindwa kazi ya nyumbani, kama kubadilisha nepi, eti kwa sababu tu ni mwanamume." Akaangalia ndizi zangu, zimechongoka kama penseli, nusu ya nyama imebaki kwenye maganda. "Kwa hiyo, baba, wewe kule usingeruhusiwa kuonyeshwa."

Ndipo nilipoiona mikono yangu. Ilikuwa myeusi. Haikuwa na vumbi. Ilikuwa imepakwa rangi, viganja, kucha, katikati ya vidole, kama ya fundi gereji aliyelala ndani ya injini. Nikaosha kwa sabuni. Ikang'aa, lakini ikabaki myeusi. Nikasugua kwa majivu. Nikasugua kwa ndimu. Dodoki, kama mnavyojua, halikuwepo.

"Hukupaka mafuta?" mama akauliza. "Ukitaka kumenya mshare unapaka mafuta mikononi kwanza. Utomvu haushiki."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Nikamgeukia binti. Mikono yake ilikuwa safi, inanukia mafuta ya kupikia. Bibi yake alimfundisha akiwa na miaka saba.

"Na wewe?"

"Nilidhani unajua, baba. Krismasi unaiona miaka 19."

Jioni ilibaki maharage. Nikaona huu ndio wakati wa kuilipua aibu, na kauli hiyo, mtaona, ilitimia. Ile sufuria ya presha ilikuwa haijawahi kutumika Dar. Mke wangu aliipeleka kwa mama kwa basi wiki mbili tu baada ya kuipokea, na mama aliitumia kuhifadhia mbegu. Nikaiosha, nikaijaza maharage na maji mpaka ukingoni, maana tulikuwa wengi, nikafunga mfuniko, nikaibandika motoni. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa ndani ya boksi na boksi lilikuwa Dar. Baadaye nilisoma kwamba maharage hayapaswi kuvuka nusu ya sufuria, kwa sababu yanatoa povu na maganda yake yanaziba kitundu cha mvuke. Mambo mazuri kuyajua.

Kwanza ilipiga filimbi. Tukafurahi. Kisha ikanyamaza, na ukimya wake haukuwa wa amani. Ilianza kutetemeka na kunguruma kwa ndani kama mtu anayezuia maneno. Wale wanaume saba waliomkabili mbuzi asubuhi walirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, kisha mlango ukawa mdogo. Kaka yangu, ambaye ameshawahi kumshika nyoka kwa mkono, alikuwa wa kwanza kufika kwenye migomba. Nikabaki mimi. Nikachukua mwiko mrefu, nikanyoosha mkono, nikakigusa kile kidude cha juu.

Mchuzi wa maharage ulikwenda darini wima kama chemchemi, ukasambaa, ukarudi. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Lakini dari la jikoni kwa mama lilipata madoadoa ya chui, na punje moja ilinasa kwenye kioo cha picha ya marehemu baba, karibu na sikio, ikamfanya aonekane kama anasikiliza kwa makini.

Mama akasema kutoka kigodani, "Chungu changu hakijawahi kunipigia kelele."

Saa kumi na moja alfajiri mlango uligongwa. Mke wangu aliingia na baridi, macho mekundu ya zamu na safari ya usiku mzima. Akamsalimia mama shikamoo, akainua kichwa, akalitazama dari kwa muda.

"Maharage?"

"Maharage."

Hakuuliza zaidi. Akafungua begi. Akatoa nguo za watoto, zimeshonwa, zimepigwa pasi. Alizipitia kwa fundi usiku ule ule akielekea stendi. Akatoa chumvi pakiti nne. Viberiti. Binzari. Karatasi za chooni. Madodoki mawili.

"Ulijuaje?" nikauliza.

"Ile orodha uliyoikataa niliiandika hivyo hivyo," akasema, akivua viatu. "Ipo kichwani, inapokaa siku zote." Kisha akajifunga kanga, akaenda kuchochea moto.

Ibadani niliweka mikono mfukoni, hata wakati wa kuimba. Lakini kanisa letu la Kilutheri, kama mengi ya kwetu, baada ya ibada lina mnada wa sadaka: watu wanaleta mayai, maziwa, kuku, ndizi, vinauzwa pale nje. Kulikuwa na jogoo mmoja mwekundu nikamtamani. Mwendesha mnada akapandisha bei kwa kasi, vitu viwili vikawa vinauzwa kwa pamoja, nikanyoosha mkono.

"Elfu ishirini kutoka kwa ule mkono mweusi kule nyuma!"

Uwanja mzima uligeuka. Nikaacha mkono hewani kwa mshangao, na mkono uliobaki hewani ukahesabiwa tena. Jogoo alikwenda kwa mtu mwingine. Mimi nilishinda mkungu wa ndizi mshare.

Bibi mmoja aliyesimama karibu nami alikishika kiganja changu bila kuomba ruhusa, akakigeuza, akakisoma kama anayesoma barua.

"Hukupaka mafuta," akasema. Hakunipongeza. Alicheka tu, kicheko cha fundi anayemwona mwanagenzi, akaniachia. Nikautazama mkono wake uliokuwa unauachia wa kwangu, halafu wa mama aliye nyuma yake, halafu mikono ya wengine waliokuwa wakipokea mayai na kuhesabu chenji. Kila mmoja wao alikuwa amemenya mkungu jana yake. Mikono yote ilikuwa safi. Uwanja mzima wa kanisa, kazi ya jana iliacha ushahidi kwa mtu mmoja tu, yule ambaye hakuiweza.

Mchana tulikula vizuri. Mke wangu aliyaokoa machalari kwa namna ambayo sikuielewa, na nilihakikisha ana kiti. Nilimwachia changu, nikala nimesimama, binti akahesabu viti kwa kidole na kunikonyeza. Kisha mjomba akasimama kutoa shukrani kwa niaba ya wageni. Alishukuru kwa dakika kumi. Alimshukuru mbuzi, aliwashukuru waliomchinja mmoja mmoja, akanishukuru mimi kwa kufunga taa za mita 20. Kisha akakaa, na wanawake wakaanza kukusanya sahani.

Zawadi yangu ilikuja mwisho. Ilikuwa nzito, imefungwa kwa karatasi yenye nyota na utepe. Sikuhitaji kuifungua.

"Nilikuahidi," mke wangu akasema.

Lilikuwa jembe kweli, jipya, rangi ya dukani haijatoka, bila mpini. Ukoo ulicheka mpaka kichanga kikaamka. Kaka yangu akahesabu kwa vidole: tumefika tarehe 23, jana ya pili, leo siku ya tatu. Wahenga walishasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikacheka na mimi, safari hii nikiwa na wenzangu.

Lakini mama hakucheka. Alinyoosha mkono, akalipokea jembe, akalipiga kwa ukucha akasikiliza mlio wake, akapitisha kidole kwenye makali.

"Jembe zuri," akasema. "La kwangu limeshaisha." Na akaliweka chini ya kigoda chake, upande wa goti bovu.

Wanaume saba tulinyamaza. Mtu mmoja alikohoa.

Tarehe 26 niliamka kabla ya supu. Nililichomoa jembe chini ya kigoda, nikang'oa mpini kwenye jembe kuukuu la mama, nikaupachika kwenye jipya. Mpini ule ulikuwa na mabonde mawili, moja juu na moja chini, laini kama yamepakwa nta, mahali viganja vyake vilipokaa miaka yote hiyo. Viganja vyangu vyeusi havikuenea vizuri kwenye mabonde yale. Nikalima mstari mmoja kati ya kahawa na ndizi, nikalima wa pili. Umande ulikuwa bado, nyumba yote imelala, hakuna aliyeniona wala kunipiga picha.

Najua kwa hakika, kwa sababu niligeuka nyuma mara tatu kuangalia.